Wakati Ujao Uliokwisha Pita: Historia Fupi ya Futur Antérieur na Hukumu Zake

Utangulizi

Miongoni mwa wanafunzi wanaosoma Kifaransa pamoja na fasihi, njeo iitwayo futur antérieur haina jina zuri. Wengi wetu huihesabu kuwa kipande cha sarufi cha kukariri usiku wa kuamkia mtihani: shika kitenzi kisaidizi, kiweke katika wakati ujao, kisha bandika mbele yake lile umbo la kitenzi ambalo Wafaransa huliita participe passé. J'aurai lu, "nitakuwa nimesoma". Alama mbili mfukoni, tusonge mbele.

Lakini ukitoka katika darasa la sarufi ukaingia maktaba, ukafungua kitabu cha mhakiki au cha mwanahistoria wa Kifaransa, utaikuta njeo hiyohiyo ikizungumzia watu waliokwisha kufa na mambo yaliyokwisha zamani. Sasa jiulize, msomaji: wakati ujao unatafuta nini makaburini?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yetu ni kwamba njeo hii, ambayo tunafundishwa kuwa ni ya kupanga mambo mawili yajayo, lipi litangulie na lipi lifuate, ina kazi nyingine kubwa zaidi: ni njeo ya kufunga hesabu. Anayeitumia hujiweka mwisho wa safari, hata kama wenzake bado wako njiani, kisha hugeuka nyuma na kutoa hukumu. Mwanafunzi wa fasihi asiyelitambua hilo atazisoma hukumu za watu akidhani anasoma taarifa.

Umbo lake kwa ufupi

Tuanze na umbo, kwani bila umbo historia yenyewe haitaeleweka. Vitenzi vingi huchukua kisaidizi avoir, "kuwa na": aurai, auras, aura, aurons, aurez, auront. Vichache, hasa vya mwendo na vya kubadilika hali, kama vile aller, venir, partir, naître na mourir, pamoja na vitenzi vyote vya kujirejea, huchukua être, "kuwa": serai, seras, sera, serons, serez, seront. Kwa hiyo tunasema j'aurai fini, "nitakuwa nimemaliza", lakini elle sera partie, "atakuwa ameondoka". Ukikanusha, ne na pas hukizunguka kisaidizi peke yake: je n'aurai pas fini.

Matumizi ya kwanza wanayofundishwa wanafunzi ni ya mfuatano. Baada ya quand, lorsque, dès que, aussitôt que na après que, jambo litakalotangulia huwekwa katika njeo hii, na litakalofuata katika wakati ujao wa kawaida: Quand j'aurai fini, je viendrai. Hapa Mswahili hana haja ya kujikaza kusema "wakati nitakapokuwa nimemaliza, nitakuja". Husema tu, "Nikishamaliza nitakuja," na mambo yakaisha. Baada ya si ya sharti, yaani "kama" au "-ki-", njeo hii haiingii kabisa. Hiyo ni kanuni ya kushika kwa mikono miwili.

Hayo yanapatikana katika kitabu chochote cha sarufi. Yasiyopatikana humo kwa urahisi ni namna umbo hili lilivyozaliwa.

Kifo cha njeo ya Kilatini

Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, lakini futur antérieur haikurithiwa kutoka kwa mzazi. Kilatini kilikuwa na njeo yake ya wakati ujao timilifu, tena ya neno moja tu: cantavero, "nitakuwa nimeimba". Njeo hiyo ilikufa katika nchi ya Gallia, ambayo leo ni Ufaransa, na wakati ujao wa kawaida nao ukafa pamoja nayo. Kwa nini?

Sababu moja ni ya kimatamshi. Katika Kilatini cha wasemaji wa kawaida, sauti ya b iliyo katikati ya irabu ilifanana na ile iliyoandikwa kwa v. Matokeo yake cantabit, "ataimba", na cantavit, "aliimba", yalisikika karibu sawa. Hebu fikiri, mtu anakuambia habari na wewe hujui kama jambo limekwisha kutokea au bado! Sababu ya pili ni ya maumbo kugongana. Ile njeo timilifu ya wakati ujao ilifanana na njeo nyingine, ya hali ya dhamira, katika nafsi zote isipokuwa nafsi ya kwanza umoja. Cantaverit ingeweza kuwa hii au ile. Upande wa Uhispania na Ureno maumbo hayo mawili yaliungana yakazaa njeo mpya, na Wareno wanaitumia hadi leo katika mazungumzo ya kila siku. Upande wa Gallia yalitoweka.

Pengo likabaki, na lugha haipendi pengo. Wasemaji walishika kitenzi habere, "kuwa na", wakakibandika baada ya jina la tendo: cantare habeo, yaani "ninalo la kuimba", "nina wajibu wa kuimba". Taratibu maneno mawili yakashikana yakawa moja, na wajibu ukageuka kuwa wakati: chanterai, "nitaimba". Ushahidi uko wazi mpaka leo. Chukua miisho ya wakati ujao wa Kifaransa, -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont, uilinganishe na avoir katika wakati uliopo: ai, as, a, avons, avez, ont. Ni kitu kilekile kimevaa nguo nyingine.

Mfano wa kale unaotajwa sana wa umbo hili jipya uko katika tarehe ya karne ya 7 ambayo huitwa kwa jina la Fredegar. Mwandishi anasimulia kwamba mfalme wa Waajemi aliposhindwa na Kaisari Justinian aliambiwa arudishe majimbo, naye akakataa kuyatoa. Kaisari akamjibu kwa neno moja, daras, "utatoa", na eti mji uliojengwa mahali hapo ukaitwa Daras. Kihistoria hadithi hiyo haisimami, kwa kuwa mji wa Dara ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 6 na Kaisari Anastasius, kabla Justinian hajatawala. Lakini uongo wa msimulizi umetuachia ukweli wa lugha: kumbe watu walikwisha kuanza kusema daras badala ya dabis ya Kilatini sanifu.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 14 Februari 842, mjini Strasbourg, ndugu wawili wa kifalme, Louis na Charles, waliapa kusaidiana dhidi ya kaka yao Lothair. Louis aliapa kwa lugha ya askari wa Charles ili wamwelewe, na mwanahistoria Nithard aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Humo mna salvarai na prindrai, vitenzi viwili vya wakati ujao mpya. Kwa maneno mengine, maandishi ya kwanza kabisa yanayohesabiwa kuwa ya Kifaransa ni ahadi ya mtu kuhusu mambo yajayo. Na kiapo, kama tujuavyo, kimejengwa juu ya wajibu. "Ninalo la kufanya" na "nitafanya" bado zilikuwa zimekaa mkeka mmoja.

"Kuwa na" mara mbili

Sasa njeo yetu ilitoka wapi? Ilitoka kwa kitenzi hichohicho kilichofanya kazi mara ya pili. Warumi waliweza kusema habeo litteras scriptas, "ninazo barua zilizoandikwa". Mwanzoni maana ilikuwa ya umiliki: barua ninazo, na ziko katika hali ya kuandikwa. Baadaye msisitizo ukahama kutoka kwenye barua ukaenda kwenye tendo: "nimeandika barua". Ndipo Kifaransa kikapata j'ai écrit. Ukitaka kulipeleka jambo hilo mbele, unaweka "kuwa na" katika wakati ujao, na wakati ujao wenyewe, kama tulivyokwisha ona, umetengenezwa kwa "kuwa na". Kwa hiyo ukikifumua kirai aurai écrit unapata habere habeo scriptum: kitenzi kimoja mara mbili, mara ya kwanza kwa kazi ya kumiliki jambo lililokamilika, mara ya pili kwa kazi ya wajibu wa kesho.

Kumbukumbu ya umiliki ule haijafutika. Ndiyo maana mpaka leo mwanafunzi huteswa na kanuni ya upatanisho: les lettres que j'aurai écrites. Barua zikitajwa kabla ya kitenzi, umbo la mwisho hupatana nazo kwa jinsi na kwa idadi, kama kwamba bado ni sifa ya barua. Katika karne ya 16 mshairi Clément Marot aliitungia kanuni hiyo shairi la kuwafundisha wanafunzi wake, akichukua mfano wa Waitaliano, na mwaka 1647 Vaugelas aliijadili katika kitabu chake cha maoni juu ya lugha ya Kifaransa. Mshairi kuwa hakimu wa sarufi si jambo dogo. Kanuni inayomkera mwanafunzi wa leo ilipitia mikononi mwa mtu wa fasihi.

Na sisi tusicheke jirani. Kiambishi chetu -ta- kimetoka katika kitenzi "taka", na mwili wake mzima bado unaonekana katika "atakayekuja" na "nitakapofika". Mfaransa alijenga kesho yake kwa wajibu, Mswahili akaijenga kwa utashi. Pande zote mbili wakati ujao ulianza ukiwa msimamo wa msemaji, si tarehe ya kalenda. Jambo hilo tuliweke akilini, maana litatufaa mbele.

Wanasarufi wabishana: ujao au uliopita?

Mwaka 1660 Antoine Arnauld na Claude Lancelot, watu wa Port-Royal, walichapisha sarufi yao mashuhuri iliyotaka kueleza misingi ya lugha zote kwa akili. Kwao njeo hii ni wakati ujao unaotazamana na wakati uliopita: tendo lenyewe bado halijatokea, lakini limekwisha pita ukilitazama kutoka kwenye jambo jingine litakalofuata. Mfano wao ulikuwa wa chakula cha usiku: mtu atakuwa amekwisha kula, ndipo mwingine aingie. Haya ndiyo maelezo tunayoyakuta vitabuni hadi leo.

Nicolas Beauzée, katika sarufi yake ya mwaka 1767, hakuridhika. Aliiondoa njeo hii katika kundi la wakati ujao akaiweka katika kundi la wakati uliopita. Kwake lililo muhimu ni ukamilifu, yaani kwamba tendo limekwisha. Ule ujao ni mahali tu pa kusimama mtazamaji. Mtu anaweza kusema huo ni ubishi wa majina. La hasha! Port-Royal walitazama tendo, Beauzée akamtazama anayelitazama tendo. Na nadhani Beauzée ndiye aliyegusa penyewe, kwani matumizi mengi ya njeo hii hayaelezeki ukiling'ang'ania tendo lijalo.

Chukua matumizi ya kukisia. Mtu amechelewa mkutanoni, na mwenzake anasema: il aura manqué son train, "atakuwa amekosa treni". Treni, kama ni kuondoka, imekwisha ondoka. Hakuna jambo lijalo hapo hata kidogo. Kijacho ni uthibitisho: akija tutamwuliza, na tutaona kuwa ndivyo. Hapa Kiswahili kinakwenda sambamba na Kifaransa, hatua kwa hatua. Tunasema "atakuwa amesahau", "watakuwa wamelala", na hakuna anayedhani tunazungumzia kesho.

Sasa sogeza hatua moja zaidi. Ikiwa uthibitisho unaweza kuwekwa mbele, mtu anaweza pia kujiweka yeye mwenyewe pale mbele, na kusema kama kwamba uthibitisho umekwisha patikana. Hapo kisio hugeuka kuwa hukumu. Il aura fallu attendre 1944 pour que les Françaises obtiennent le droit de vote. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura kwa amri ya tarehe 21 Aprili 1944. Hilo ni jambo la hakika, halikisiwi. Mwandishi angeweza kusema il a fallu, "ilibidi", na tarehe isingebadilika. Kwa kusema il aura fallu ameongeza kitu: amefunga daftari, amejumlisha, na jumla imemwudhi. Ni kama kusema kwa Kiswahili, "Hata mwaka 1944 ndipo, baada ya yote hayo!" Mzee aliyeona kituko naye hupiga kelele: j'aurai tout vu! Maana yake ni "sasa nimeyaona yote", hesabu ya maisha yake imefungwa palepale.

Mtego wa Giraudoux

Kabla ya kwenda mbele, tahadhari moja kwa wasomaji wa tamthilia. Mwaka 1935 tamthilia ya Jean Giraudoux, La guerre de Troie n'aura pas lieu, ilichezwa Paris kwa mara ya kwanza na kundi la Louis Jouvet. Mwanafunzi anaona aura, anaona neno jingine mbele yake, anatangaza futur antérieur. Sivyo. Avoir lieu ni msemo mmoja wenye maana ya "kutokea", na lieu ni nomino. Hii ni njeo ya ujao wa kawaida: "Vita vya Troya havitatokea". Njeo yetu ingekuwa n'aura pas eu lieu, "havitakuwa vimetokea".

Tofauti hiyo ndogo ndiyo tamthilia yenyewe. Hector, aliyetoka vitani amechoka, anapigania amani na kutaka malango ya vita yafungwe. Jina la mchezo ni ahadi ya mtu aliye ndani ya mambo, asiyejua mwisho. Mtazamaji naye anajua mwisho tangu zamani, maana Troya iliteketea. Giraudoux angechagua ile njeo ya kufunga hesabu, angempa mhusika kiti cha mtazamaji, na mvutano wote ungekufa. Kwa kutumia ujao wa kawaida amemwacha Hector aape kama Louis wa Strasbourg, huku sisi tukijua kwamba malango yatafunguka. Na miaka minne baadaye, mwaka 1939, malango ya Ulaya nayo yakafunguka.

Kiti cha mwenye kuhukumu

Katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu uhusiano wa nyakati katika kitenzi cha Kifaransa, mwanaisimu Émile Benveniste alitenga mipango miwili ya usemi. Upo wa masimulizi ya historia, ambamo matukio hujieleza kama kwamba hakuna anayesema. Na upo wa mazungumzo, ambamo "mimi" anamwambia "wewe" jambo akitaka kumwathiri. Wakati ujao, kwa mujibu wake, si wa mpango wa kwanza, kwani kusema juu ya kesho ni kuonyesha msimamo wa msemaji. Basi mwanahistoria akiandika aura été katikati ya masimulizi yake, ajue ameinua sauti yake mwenyewe. Ametoka nyuma ya pazia. Msomaji makini anapaswa kumsikia.

Roland Barthes naye, katika kitabu chake cha mwisho kuhusu picha, La Chambre claire cha mwaka 1980, aliitaja njeo hii kwa jina. Anaitazama picha ya Lewis Payne, iliyopigwa na Alexander Gardner mwaka 1865. Payne alikuwa kijana aliyejaribu kumwua waziri wa Marekani, William Seward, na hapo anangojea kunyongwa. Aliye pichani atakufa. Anayeitazama picha anajua amekwisha kufa. Barthes aliona hofu katika kukutana kwa nyakati hizo mbili juu ya karatasi moja. Kijana hana la kufanya. Sisi tumekaa katika kesho yake, tunamtazama.

Swali linalotuhusu sisi wa Afrika ni hili: nani amekaa katika kiti hicho anapotazamwa mtu aliye hai bado?

Mfano mzuri tunao. Mwaka 1948 Léopold Sédar Senghor alichapisha mkusanyo wa mashairi mapya ya Weusi na ya Wamalagasi kwa lugha ya Kifaransa, na Jean-Paul Sartre akauandikia utangulizi mrefu, Orphée noir. Sartre aliwapenda washairi wale. Alisoma kazi zao kwa bidii na kuzisifu. Lakini aliieleza negritude kuwa hatua ya mpito: imezaliwa kuupinga ubaguzi, na kazi yake ikiisha itajimaliza yenyewe ili ije jamii isiyo na rangi. Sisemi kwamba Sartre aliiandika hukumu yake kwa futur antérieur neno kwa neno. Ninasema kwamba mtazamo wake ndio huo hasa: anasimama mwisho wa njia ambayo washairi wenyewe ndio kwanza wanaianza, anageuka nyuma, na kuwaambia walikuwa daraja.

Miaka minne baadaye, mwaka 1952, Frantz Fanon alijibu katika Peau noire, masques blancs. Lalamiko lake halikuwa kwamba Sartre amekosea hesabu. Lilikuwa kwamba ameifunga hesabu mapema. Mtu aliye ndani ya uzoefu wake anahitaji kuuishi bila kuambiwa mwisho wake, na rafiki yake amekuja kumnyang'anya haki hiyo. Fanon naye hakuwa mfuasi kipofu wa negritude. Aliikosoa mwenyewe, na kwa ukali. Alichokataa ni mtu mwingine kukaa katika kesho yake na kumtangazia jinsi mambo yatakavyokuwa yamekuwa.

Nadhani ugomvi huo ni wa njeo kabla haujawa wa siasa. Na haujaisha. Kila mhakiki anayeandika kwamba mwandishi fulani "aura été" sauti ya kizazi chake, au kwamba harakati fulani "n'aura été qu'une étape", yaani haikuwa ila hatua tu, amechukua kiti kilekile. Huenda ana haki nacho: mwandishi amefariki, vitabu vyake vimekamilika, na lazima mtu ajumlishe. Huenda pia hana. Kazi yetu ni kuuliza.

Shida ya mfasiri wa Kiswahili

Hapa ndipo ndugu wafasiri wanapopata taabu. Tulikwisha ona kuwa kwa mfuatano na kwa kukisia, Kiswahili na Kifaransa vinaelewana. Kwa hukumu vinaachana. Tazama sentensi hii: Senghor aura été le premier Africain à siéger à l'Académie française. Ni kweli tupu: alichaguliwa mwaka 1983, akapokewa rasmi mwaka 1984, na kufariki tarehe 20 Desemba 2001. Ukifasiri kwa kufuata umbo utapata: "Senghor atakuwa amekuwa Mwafrika wa kwanza kukaa katika Akademia ya Ufaransa." Mswahili akisikia hivyo atauliza, "Atakuwa? Kwani hamna hakika?" Masikioni mwetu "atakuwa" juu ya jambo lililopita ni shaka. Mwandishi wa Kifaransa amegonga nyundo ya hakimu, na mfasiri amemfanya aonekane anababaika!

Njia zipo. Ya kwanza ni kutumia "ndiye": "Senghor ndiye Mwafrika wa kwanza kukaa katika Akademia." Ukweli umebaki na msisitizo upo, lakini kiti cha hakimu kimefichwa. Ya pili ni kukitaja kiti chenyewe: "Senghor atakumbukwa kuwa Mwafrika wa kwanza…", au "Historia itamwandika Senghor kuwa…" Hapa ujao umerudi, na pamoja nao anayehukumu, iwe watu watakaokumbuka au historia itakayoandika. Ya tatu ni kutanguliza neno la kujumlisha: "hatimaye", "kwa jumla", "baada ya yote". Hiyo hufaa sana kwa il aura fallu na ndugu zake.

Binafsi napendelea njia ya pili pale ambapo hukumu inaweza kubishaniwa, kwa sababu inamwachia msomaji mlango wa kuuliza "atakumbukwa na nani?" Pale ambapo hakuna ubishi, "ndiye" inatosha, na ni Kiswahili kitamu zaidi. Mfasiri anayechagua kwa kufuata sikio tu atapatia leo na kukosea kesho. Inabidi kwanza ajue mwandishi amesimama wapi.

Hitimisho

Tumeona kwamba futur antérieur ilizaliwa baada ya kifo cha njeo ya Kilatini, ikajengwa kwa kitenzi kimoja kilichotumika mara mbili, na ikabishaniwa na wanasarufi kama ni ya ujao au ya uliopita. Tumeona pia kwamba ilianza na kupanga matukio, ikapitia kukisia, ikafika kwenye hukumu. Safari hiyo haikupotosha asili yake, maana tangu mwanzo ndani yake mlikuwa na mtu aliyesimama mahali akitazama jambo lililokamilika.

Pendekezo langu kwa wanafunzi wenzangu, na kwa walimu wetu kwa heshima zote, ni kwamba njeo hii isiachwe kwa darasa la sarufi peke yake. Katika semina ya fasihi, tukikutana na aura été katika maandishi ya mhakiki, tuweke vidole hapo na kuuliza maswali matatu: jambo hili limekwisha kweli? Nani amesema limekwisha? Na wanaohusika nalo wamekubali? Sartre alikuwa na akili nyingi na nia njema, hata hivyo Fanon alikuwa na haki ya kumwambia angoje. Walioko njiani bado wanatembea, na hesabu ya safari yao ni yao kwanza.